Tabibu Huitwa Umio Ukisha Kuziba

Miongoni mwa fani za utabibu zilizoinuka kwa kasi katika karne iliyopita, na ambazo umma huzijua kwa uchache kuliko zinavyostahili, iko fani ya matabibu wa maradhi ya tumbo na matumbo, ambao chombo chao si kisu wala sindano bali ni mrija mwembamba wenye taa na kamera, upitishwao kinywani mwa mgonjwa mpaka kwenye umio na tumbo, au upande wa pili mpaka kwenye utumbo mpana, ili jicho la tabibu lione yale ambayo tangu dahari hayakuonekana ila kwa kupasua. Kazi hiyo ya mrija huitwa endoskopia. Wala fadhila yake kubwa haimo katika kuona, maana kuona peke yake kungekuwa udadisi tu. Imo katika kwamba ndani ya mrija huo huo mna njia ya kupitishia kitanzi cha waya, sindano na kisu kidogo cha umeme, hata kinyama kichanga ambacho baada ya miaka 10 kingekuwa saratani hukatwa na kutolewa hali mgonjwa yu katika usingizi mwepesi, na jioni ile ile akarejea kwake kula ugali pamoja na wenziwe. Ni nadra katika elimu ya saratani kupata tiba inayoyatangulia maradhi yenyewe.

Lakini katika kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, Migori na Homa Bay, fadhila hiyo imewafikia watu kinyumenyume. Mtu wa Nyatike au wa Ndhiwa huanza kwa kuhisi kwamba tonge linakwama kifuani. Hunywa maji, likashuka. Baada ya mwezi hupunguza ukubwa wa tonge; kisha huacha ugali akala wali; kisha huacha wali akanywa uji; na katika muda huo wote hununua dawa za vidonda vya tumbo dukani, au huambiwa kwamba ni asidi, au huombewa kanisani, hali mwili unazidi kukonda na majirani wananong'ona wanayoyanong'ona, mpaka siku asiyoweza kumeza hata mate yake mwenyewe ndipo jamaa wanapouza ng'ombe na kumpakia garini, wakapita Rongo na Kisii na Keroka na Sotik mpaka Bomet, au, ikiwa ni watu wa pande za Homa Bay, wakashika njia ya Kendu Bay na Ahero mpaka Kisumu. Umio ni mrija unaotanuka, na kwa sababu hiyo huvumilia sana. Mwenyewe hahisi kizuizi mpaka njia imekwisha kupungua kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo tabibu aliyesoma miaka 6 ya shahada, na mmoja wa mafunzo kazini, na mitatu au minne ya uzamili, na miwili ya ubingwa, yote hayo apate kuzuia saratani, hujikuta amebakiwa na amali moja tu kwa mgonjwa huyo, nayo ni kupenyeza bomba la waya lijipanualo, liitwalo stenti, ili masikini apate kunywa uji kwa miezi aliyobakishiwa.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kasoro hiyo si ya elimu wala si ya kudura, bali ni ya mahali tulipoamua kuuweka mrija na mtu wa kuushika.

Chombo chenyewe kina asili ya ajabu. Mnamo 1868 tabibu wa Kijerumani, Adolf Kussmaul wa Freiburg, alipotaka kujua kama mwanadamu aweza kustahimili bomba lililonyooka kutoka kinywani mpaka tumboni, hakumtafuta mgonjwa. Alimtafuta mtu wa maonyesho ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji, akamshushia bomba la chuma, na ikathibitika kwamba yawezekana, ingawa mwanga ulikuwa hafifu na faida ilikuwa ndogo. Karibu miaka 90 ilipita kabla ya bomba hilo kupata kulegea kabisa. Aliyelilegeza alikuwa mzaliwa wa bara letu, Basil Hirschowitz, mwana wa mji wa Bethal huko Afrika Kusini aliyesomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na ambaye, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na wanafizikia Wilbur Peters na Lawrence Curtiss, aliunda mrija wa nyuzi za kioo zinazobeba nuru hata zikipindwa. Mwaka 1957 aliumeza kwanza yeye mwenyewe, na baada ya hapo ndipo akampima mgonjwa. Nawapenda wavumbuzi wa namna hiyo, wasiompa mwenzao kikombe wasichokionja.

Mwaka 1969, huko New York, matabibu William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata vinyama vya utumbo mpana, viitwavyo polipu, kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa katika mrija bila ya kupasua tumbo. Na mwaka 1993 tabibu Sidney Winawer na wenziwe walitangaza kwamba watu waliotolewa polipu kwa njia hiyo, wakafuatwa kwa miaka, walipata saratani ya utumbo pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotazamiwa. Tangu hapo kazi ya tabibu wa tumbo ilibadilika asili yake: akawa si mtu wa kutafuta maradhi peke yake, bali ni mtu wa kuyawahi.

Kwa upande wa utumbo mpana sitakawia, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa katika kusini mwa Nyanza si hilo linaloua zaidi. Itoshe kukumbuka kwamba Denis Burkitt, yule Mwairelandi wa hospitali ya Mulago aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake hadi leo, na ambaye mwaka 1961 alizunguka maili 10,000 barani Afrika kwa gari kuukuu pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama waliuona uvimbe huo, alikuja kusema katika miaka ya 1970 kwamba saratani ya utumbo ni adimu kwa Waafrika kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Walikuwapo waliomcheka kwa kupima uzito wa vinyesi. Leo unga wetu ni mweupe, na saratani ya utumbo inaongezeka nchini Kenya, na kicheko kimekatika.

Lakini saratani ya umio si mgeni wa juzi Nyanza. Mnamo 1966 tabibu Ahmed aliandika katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki juu ya wingi wa saratani hiyo Magharibi mwa Kenya. Mwaka 1969 akashirikiana na mtafiti Paula Cook kuandika tena. Na mwaka 1971 Paula Cook, baada ya kukusanya ushahidi wa bara zima, akaelekeza kidole kwenye pombe zinazotengenezwa kwa mahindi. Tangu siku hizo wataalamu wamechora ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia ukafuata Bonde la Ufa mpaka kusini mwa Afrika, ambamo saratani ya umio huwapata watu kwa wingi kupita sehemu nyingi za dunia, na wengine wakiwa bado hawajatimiza hata miaka 40. Yaani habari hii ilikuwa imeandikwa, kwa wino, katika majarida yanayosomwa na matabibu, takriban miaka 60 iliyopita, kabla ya wengi wa viongozi wa kaunti zetu kuzaliwa. Maradhi yaliyojulikana muda wote huo hayawezi kuitwa balaa la ghafla.

Sababu zake ni nyingi, na hapana hata moja ambayo peke yake yatosha kueleza yote. Utafiti uliofanywa Eldoret na Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani umeonyesha uzito wa tumbaku, na wa busaa na chang'aa, na wa chai inywewayo ikiwa bado inafoka moshi. Na shirika hilo hilo mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mtu atauliza: je, tuwakataze wazee chai? La. Asubiri ipoe kidogo, basi. Ama kuhusu tumbaku sina upole huo, kwa kuwa Migori, na hususan nchi ya Wakuria, imekuwa kwa miongo mingi shamba la tumbaku ya kampuni kubwa, na mkulima aliyeivuna na kuikausha kwa kuni za miti yake mwenyewe ndiye yule yule anayekuja kulipa, kwa mapafu yake au kwa umio wake, gharama ambayo haikuandikwa katika mkataba. Mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wa kuwahamisha wakulima wa Migori kutoka tumbaku kwenda kwenye maharagwe yenye madini ya chuma ni kazi ya kuzuia saratani sawasawa na kazi ya hospitali, ingawa hapana mtu avaaye koti jeupe ndani yake.

Sasa na tupande mpaka Bomet, maana huko ndiko ulipo ushahidi mzito kuliko wote. Hospitali ya misheni ya Tenwek, ambayo haimo Nairobi wala katika mji wowote mkubwa, imekuwa kwa miaka mingi makimbilio ya watu wa kusini magharibi mwa Kenya waliozibwa umio, na ndipo mpasuaji Russell White na wenziwe walipofanya kazi ya kuweka stenti kwa wingi usio na kifani, hata mwaka 2009 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Lancet Oncology, wakitoa ushahidi kwamba bomba hilo peke yake, bila mionzi wala dawa kali, laweza kumrudishia mtu uwezo wa kumeza. Sidharau kazi hiyo hata chembe. Mtu asiyeweza kumeza mate yake, akipata kunywa kikombe cha maziwa mbele ya watoto wake, amepewa ihsani kubwa. Na ilipofika mwaka 2018 Muungano wa Afrika wa Saratani ya Umio, ujulikanao kwa kifupi AfrECC, ulipopatana na kampuni ya Boston Scientific stenti ziuzwe kwa bei nafuu nchini Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, walifanya jambo la insafu. Lakini ihsani si ponyo.

Na matabibu wa Tenwek walilijua hilo kuliko sisi tunaoandika magazetini. Mmoja wao, Michael Mwachiro, mpasuaji Mkenya ambaye ameifanya endoskopia kuwa sehemu kubwa ya amali yake, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ambao kwa maoni yangu ungestahili kusomwa kwa sauti katika kila bunge la kaunti la Nyanza. Walichukuliwa watu 305 wa eneo hilo wasio na maumivu wala taabu ya kumeza, watu wazima wa siha waliokuja kwa miguu yao, wakapitishwa mrija na umio wao ukapakwa iodini ya Lugol. Siri ya iodini hiyo ni nyepesi: seli timamu za umio huweka akiba ya sukari ndani yake, nayo iodini hushikana na akiba hiyo ikazitia rangi ya kahawia, bali seli zilizokwisha kugeuka hazina akiba, hivyo hubaki na umanjano uliopauka, na tabibu akaona doa dhahiri pale ambapo kwa taa ya kawaida asingeona kitu. Katika watu hao wazima, zaidi ya 14 katika kila 100 walikutwa na mgeuko wa seli uitwao displasia, ambao ndio kizingiti cha saratani.

Hebu msomaji atafakari maana yake. Si kwamba wote hao wangekufa kwa saratani, kwani displasia nyepesi huweza kukaa ilivyo au hata kurudi nyuma. Lakini zile zilizokomaa zina mwendo unaojulikana, na zikikutwa zingali juu juu ya utando huweza kukwanguliwa au kuchomwa kwa mrija huo huo, bila kisu cha kifuani, bila mionzi, bila ng'ombe wa pili kuuzwa. Hapa ndipo endoskopia inapostahiki sifa zake.

Tena liko jaribio lililokwisha kutimizwa. Katika wilaya ya Cixian, jimbo la Hebei nchini China, ambako saratani ya umio ilikuwa ikiwafyeka wakulima kama inavyotufyeka sisi, watu wa vijiji kadhaa wenye umri wa miaka 40 hadi 69 walialikwa kupimwa mara moja tu kwa mrija na iodini, na waliokutwa na displasia iliyokomaa wakatibiwa. Vijiji vingine havikupimwa. Baada ya miaka 10, waliokufa kwa saratani hiyo katika vijiji visivyopimwa walikuwa kama 5 katika 100, na katika vijiji vilivyopimwa walikuwa kama 3 na kitu kidogo. Theluthi ya vifo iliondolewa kwa kipimo kimoja. Kweli Cixian si Nyatike. Lakini umio wa mkulima ni umio, na wakulima wa Hebei hawakuwa matajiri.

Basi kwa nini hatufanyi? Jibu la kwanza ni hesabu. Mwaka 2021 Mwachiro na wenziwe walichapisha uchunguzi wa uwezo wa endoskopia katika Afrika Mashariki, wakakuta kwamba kwa kila watu 100,000 kulikuwa na wastani wa wataalamu 0.12, yaani thumuni ya mtaalamu, na mirija ya tumbo kwa kiasi hicho hicho. Katika sensa ya 2019 Migori ilikuwa na watu 1,116,436 na Homa Bay 1,131,950. Chukua wastani huo wa thumuni ukaugawie idadi hiyo, na kaunti zote mbili kwa pamoja hazitimizi wataalamu watatu; na anayejua jinsi wataalamu wanavyokaa Nairobi, Mombasa na Eldoret anajua kwamba hata hao watatu ni wa makaratasi. Endoskopia iliyotukuka, ile ya mirija ya nyongo na ya kuchuna utando kwa kisu cha umeme, inajifunzwa na kutendwa mijini, kwa wenye bima nzuri. Siwalaumu vijana wanaoifuata, kwa maana ni kazi ya uhodari na hodari hupenda kushindana na magumu. Ila nasema kwamba nchi inayopima ukuu wa tabibu kwa ugumu wa alichokikata, na si kwa idadi ya saratani alizozizuia, itapata mabingwa wengi na makaburi mengi vilevile.

Jibu la pili ni la wale wasemao kwamba kaunti hizi zina misiba mingine iliyotangulia. Virusi vya Ukimwi, wanasema. Na ni kweli, kwani uchunguzi wa kitaifa wa 2018 uliikuta Homa Bay na maambukizo kwa karibu mtu mzima mmoja katika kila watano. Lakini hoja hiyo yanishangaza kila niisikiapo, maana Homa Bay hiyo hiyo ndiyo inayoivunja. Mnamo 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alinukuliwa akidai kwamba dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hazingefaa Afrika kwa kuwa Waafrika hawajui kufuata saa. Na katika mwaka ule ule, katika hospitali ya umma ya Homa Bay, kando ya Ghuba ya Winam, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuwapa wagonjwa dawa hizo bure. Wavuvi na wajane wa Homa Bay walizimeza kwa saa yake, na wakaishi. Kilichoitwa muhali kwa masikini kilithibitishwa kuwa chawezekana, na hakikuthibitishwa Geneva wala Boston bali kilithibitishwa katika hospitali ya wilaya yenye msongamano na ukosefu wa vitanda. Watu waliokwisha kuyafanya hayo wana haki ya kutoambiwa tena kwamba mrija wa kamera ni anasa.

Migori nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2016 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Chuo Kikuu cha Duke walilinganisha njia mbili za kupima virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi: katika baadhi ya vijiji wanawake waliambiwa waende zahanati, na katika vingine kipimo kililetwa karibu yao katika kambi za afya, na pande zote mbili mwanamke alijichukulia sampuli mwenyewe. Mahali kipimo kilipoletwa, wanawake 60 katika 100 walipimwa. Mahali walipoambiwa waende zahanati, 37. Somo ni wazi kwa yeyote apangaye kuzuia saratani ya umio: watu wa Migori hawakimbii kupimwa, wanakimbia mwendo na nauli na siku ya kazi inayopotea.

Ninachokitaka, basi, si hospitali mpya ya saratani yenye jiwe la msingi na utepe. Tumeyaona mawe ya msingi. Tumeuona pia mpango wa mwaka 2015 wa kukodi mitambo ya hospitali kwa kaunti zote 47, ambao baadaye Seneti ilipouchunguza ilikuta mitambo imelala katika baadhi ya hospitali kwa kukosa wataalamu, au umeme, au maji. Mrija wa endoskopia ni chombo dhaifu kuliko hiyo mitambo. Ukioshwa vibaya huambukiza, ukipindwa vibaya huvunjika nyuzi, na usipokuwa na mtu wa kuutunza kila siku hugeuka pambo la kabati kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo mtu atangulie, mrija ufuate. Nataka hospitali ya rufaa ya Homa Bay na ile ya Migori kila moja iwe na chumba kimoja cha endoskopia ya kawaida kinachofanya kazi siku tano za juma. Na ndani yake wawemo tabibu mmoja aliyefunzwa, na maafisa wa kliniki wawili wanaofunzwa chini yake, na wauguzi wawili ambao kazi yao ni kuosha na kuandaa mirija, wasihamishwe kwenda wodi nyingine mwezi unaofuata. Uingereza wauguzi wamekuwa wakiifanya endoskopia kwa miongo mitatu, na heshima ya utabibu haikushuka. Na vipande vinavyokatwa umioni viwe na njia ya hakika ya kufika kwa mpatholojia, kwa kuwa jibu likichelewa miezi miwili ni sawa na kutopima.

Atakayesema chumba hicho kitakaa bure hajui maradhi ya ziwani. Kichocho cha matumbo, ambacho wavuvi na watoto wa Mbita, Rusinga na Mfangano hukipata majini, huharibu njia za damu za ini, damu ikasukumwa kwenye mishipa ya umio mpaka ikavimba na kupasuka, na mgonjwa akatapika damu beseni zima usiku mmoja. Na tiba yake ni tabibu wa mrija kuifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira, kazi ya dakika chache ikiwa yupo, na ya mazishi ikiwa hayupo. Homa ya ini ya aina ya B nayo huleta hali hiyo hiyo, na baadaye saratani ya ini. Tunashukuru kwamba watoto wetu wamekuwa wakichanjwa tangu mwanzoni mwa karne hii, lakini baba zao hawakuchanjwa. Vidonda vya tumbo, vya bakteria ile ambayo Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Nobel ya 2005 kwa kuigundua, ndivyo vinavyojaza foleni za zahanati zetu kila asubuhi, na aghalabu hutibiwa kwa kubahatisha. Chumba kimoja kingewahudumia wote hao, na katika kuwahudumia, jicho la tabibu lingepita umioni kila mara, na iodini ingekuwa karibu na mkono wake.

Wala sidai kumpima kila mkazi wa kaunti mbili. Hiyo ni ndoto ya asiyejua hesabu. Waanze wenye taabu ya kumeza, wapimwe ndani ya wiki mbili na wala si ndani ya miezi sita. Kisha ndugu wa damu wa waliokufa kwa saratani ya umio. Kisha wavutaji tumbaku na wanywaji wa chang'aa waliopita miaka 40. Hao wanajulikana, kwa majina na kwa maboma yao, na wahudumu wa afya wa vijijini ambao kaunti zinao tayari.

Bajeti za kaunti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Msomaji wa Rongo, Awendo, Oyugis au Kendu Bay, ukihudhuria kikao hicho, usiulize mashine ngapi zitanunuliwa. Uliza ni nani atakayepelekwa kusomea endoskopia mwaka huu, kwa jina lake, na uliza mwaka ujao kama amerudi. Na ikiwa wewe mwenyewe, au mama yako, tonge limeanza kukwama kifuani kwa wiki mbili mfululizo, usikubali kuandikiwa dawa ya asidi kwa mara ya tatu. Dai kipimo cha kamera sasa, wakati bado unaweza kula.